Jina, njia kamili, kitambulisho au lebo: uielekezeje programu-jalizi ya vSphere ipate rasilimali zako?

Anayeunda mashine pepe kwa Packer (zana ya kutengeneza picha za mashine) au Terraform (zana ya kuunda miundombinu kutoka kwenye faili) juu ya vSphere, jukwaa la VMware la mashine pepe, hukutana mapema na mojawapo ya jumbe hizi:

```
path 'VM Network' resolves to multiple networks
default resource pool resolves to multiple instances, please specify
datastore 'datastore1' not found
```

Wa kwanza unalalamika kwamba vimepatikana vingi. Wa pili hutokea pale ambapo hukutaja kitu, programu ikajaribu kukuchagulia, ikakuta vipo zaidi ya kimoja. Wa tatu haukupata chochote. Zote tatu zinatoka mahali pamoja: govmomi, maktaba ya lugha ya Go inayozungumza na vCenter, seva inayosimamia vSphere, kwa niaba ya programu-jalizi ya Packer na ile ya Terraform. Ukijua govmomi inatafutaje, umezijua zote mbili.

Ziko namna nne za kuiambia programu unataka kitu gani: jina tupu, njia kamili ndani ya mti wa vCenter, kitambulisho cha ndani, na lebo. Nyaraka huzitaja kana kwamba kila mtu achukue anayoipenda. Mimi sichagui kwa urahisi wa kuandika. Naangalia kila moja inaharibikaje: siku ikikosea, itapiga kelele au itanyamaza?

## Kwanza, je, kitu kinaonekana?

Yapo matatizo mawili ambayo hakuna hata namna moja kati ya hizo nne itakayoyatibu, na watu hupoteza mchana mzima wakibadilisha majina kwa sababu yake.

La kwanza ni ruhusa. vCenter haimwambii mtumiaji kwamba hifadhi (datastore) fulani ipo ila yeye hana haki nayo. Kitu ambacho akaunti haina ruhusa ya kukisoma hakitokei kabisa kwenye majibu, na govmomi, ambayo nayo haijui zaidi ya ilichopewa, inaripoti `not found`. Kosa lililozoeleka ni kuipa akaunti ya kazi za otomatiki ruhusa kwenye folda ya mashine na kwenye klasta (kundi la seva), kisha kusahau hifadhi na mitandao, ambayo hukaa kwenye matawi mengine kabisa. Wewe unaingia kwa akaunti ya msimamizi, unaiona hifadhi kwenye kivinjari, unaapa kwamba ipo. Ipo, lakini kwako. Kwa hiyo jaribu kwa akaunti ile ile inayotumiwa na programu, ukitumia govc, zana ya mstari wa amri iliyojengwa juu ya maktaba hiyo hiyo:

```
govc find / -type s
govc find / -type p
```

Amri ya kwanza inaorodhesha hifadhi zote ambazo akaunti inaziona, ya pili mafungu ya rasilimali (resource pool), yaani migao ya nguvu za seva. Kama kitu hakimo humo, acha faili zako kama zilivyo, nenda kwa mwenye vCenter ukaombe ruhusa ya kusoma, na umkumbushe iteremke hadi kwa vitu vilivyo chini yake.

La pili ni kuingia kwenye vCenter isiyo yenyewe. Ofisi zenye vCenter kadhaa mara nyingi huziunganisha, na kivinjari kikaonyesha miti yote katika dirisha moja. Programu-jalizi haina dirisha hilo. Inaona tu vCenter uliyoandika anwani yake. Kiolezo (template, mashine ya kunakiliwa) unachokitazama kwenye skrini kinaweza kuwa cha vCenter ya pili, na programu ikawa sahihi kabisa kusema hakipo.

## Mti ulivyo

Chini ya kila kituo cha data kuna folda nne ambazo kivinjari hakikuonyeshi kwa majina yake: `vm`, `host`, `datastore` na `network`. Ndiyo sababu kivinjari kina vichupo vinne. Njia kamili ya kitu huanzia kwenye mzizi na kupita katika mojawapo ya folda hizo:

```
/DC-Kuu/vm/Violezo/ubuntu-2204
/DC-Kuu/host/Klasta-A/Resources
/DC-Kuu/datastore/hifadhi-ssd-01
/DC-Kuu/network/VLAN-120
```

Mstari wa pili una jambo la kuangaliwa. Kila klasta ina fungu la rasilimali la mzizi, na jina lake ni `Resources` daima, hata kama hujawahi kuunda fungu lolote na hulioni popote kwenye skrini. Ukiwa na klasta tatu, una `Resources` tatu. Huo ndio ujumbe wa pili pale juu.

## Jina tupu

Jina tupu ni zuri kwenye maabara ya nyumbani: seva moja ya ESXi (programu ya VMware inayoendesha mashine pepe), hifadhi moja, mtandao mmoja. Kila mfano wa kuanzia hulitumia, na hufanya kazi siku ya kwanza. Baadaye mtu anaongeza kituo cha data cha pili, na kuulizia `VM Network` sasa ni sawa na kuulizia Mama Asha Kariakoo nzima.

Tatizo ni kwamba vSphere yenyewe huzalisha majina yanayofanana. ESXi ikisakinishwa, mtandao wa kwanza huitwa `VM Network` na hifadhi ya ndani huitwa `datastore1`. Seva ya pili ikiunganishwa kwenye vCenter moja, hifadhi yake hubadilishwa jina kuwa `datastore1 (1)`, ya tatu `datastore1 (2)`, na kuendelea. Nambari hiyo inafuata mpangilio ambao seva ziliongezwa, haina uhusiano na seva yenyewe. Anayejenga upya mazingira yale yale kwa mpangilio tofauti anapata majina yale yale juu ya diski tofauti. Kama bado una hifadhi zenye mabano hayo, zipe majina yenye maana leo, kabla hujagusa kitu kingine.

Mitandao ina hila yake. `VM Network` za seva zote zilizo ndani ya kituo kimoja cha data huonekana kama kitu kimoja, kwa hiyo utafutaji unafaulu. Lakini kama seva mojawapo haina mtandao huo na mashine ikapangiwa huko, kazi itakwama baadaye kwa ujumbe ambao hauonekani kuhusiana na jina. Kwa mitandao ya swichi pepe ya pamoja (distributed switch), jina moja linaweza kuwepo kwenye swichi mbili. Terraform imeliwekea hilo kigezo cha `distributed_virtual_switch_uuid` kwenye chanzo cha data cha `vsphere_network`.

Na mashine zenyewe? Jina la mashine linatakiwa kuwa la pekee ndani ya folda yake tu. Folda mbili zinaweza kuwa na `ubuntu-2204` kila moja, na vCenter haitasema neno.

Jambo jingine dogo ambalo huuma: govmomi huchukua jina unaloandika kama ruwaza. Nyota na alama ya kuuliza zina kazi, na mabano ya mraba pia. Hifadhi iliyoitwa `ssd[1]` haitapatikana kwa kuandika `ssd[1]`, kwa kuwa ruwaza hiyo inamaanisha `ssd1`. Herufi kubwa na ndogo nazo ni tofauti.

Sifa moja ya jina tupu kwenye Packer na Terraform ni kwamba likikutana na utata, linakataa. Ansible, zana nyingine ya otomatiki, haina tabia hiyo. Moduli ya `vmware_guest`, ambayo haitumii govmomi, ina kigezo cha `name_match` ambacho kwa chaguo-msingi ni `first`: zikipatikana mashine mbili zenye jina moja, inachukua ya kwanza na kuendelea na safari. Weka hilo pamoja na `state: absent`, agizo la kufuta mashine, na utaelewa kwa nini mimi siandiki jina tupu kwenye Ansible hata kwenye maabara. Taja `folder`, au `uuid`, au `moid` (kitambulisho cha ndani).

## Njia kamili

Hii ndiyo ninayoipendekeza kwa kila kitu kisichohamahama: kituo cha data, klasta, hifadhi, mtandao, folda. Mtu akiisoma faili anaelewa inaelekea wapi bila kuingia vCenter. Kitu kikihamishwa au kikibadilishwa jina, utafutaji unagoma mara moja kabla ya chochote kuundwa, na ujumbe unaitaja njia uliyoandika.

Kinachowachanganya watu ni kwamba kila kigezo kinahesabu njia kuanzia mahali pake. Kwenye Packer, `resource_pool` huanzia ndani ya klasta au seva uliyoitaja, kwa hiyo fungu lililo ndani ya fungu huandikwa `timu-a/majaribio`, bila `/DC-Kuu/host/...` mbele. `folder` huanzia chini ya folda ya `vm`. Lakini `network` inakubali jina, njia nzima kuanzia mzizi, au kitambulisho. Ukibandika njia nzima mahali panapotakiwa kipande, programu inaunganisha vyote viwili na kutafuta njia ambayo haijawahi kuwepo. Unapopata `not found` kwa njia uliyoinakili kwa usahihi kutoka govc, shuku hilo kwanza.

Packer ina kanuni nyingine ya kukumbuka, kuhusu klasta na seva. Seva iliyo peke yake: taja `host` tu. Klasta yenye DRS (kipengele kinachochagua seva ya kuendeshea mashine): taja `cluster` tu. Klasta isiyo na DRS: taja vyote viwili, kwa sababu hakuna wa kuchagua seva kwa niaba yako. Seva ikiwa ndani ya folda, andika njia yake yote. Na ukiacha `network`, angalau taja `host`, ili programu-jalizi iwe na pa kutafutia mtandao.

Kwa Terraform, fungu la mzizi la klasta halihitaji kutafutwa kwa jina kabisa. Klasta inalijua:

```
data "vsphere_datacenter" "kuu" {
  name = "DC-Kuu"
}

data "vsphere_compute_cluster" "a" {
  name          = "Klasta-A"
  datacenter_id = data.vsphere_datacenter.kuu.id
}
```

Kisha kwenye mashine andika `resource_pool_id = data.vsphere_compute_cluster.a.resource_pool_id`. Mistari hii michache inaondoa ujumbe wa pili wa pale juu, na bado kuna miradi mingi inayozunguka kwa kuandika `Resources` peke yake. Kama ni lazima ulitafute kwa jina, andika `Klasta-A/Resources`.

Udhaifu wa njia kamili ni msimamizi anayependa kupanga upya folda. Kuna majina pia yenye mkwaju (`/`) ndani yake, mfano mtandao ulioitwa `10.0.4.0/24`. vCenter huutunza mkwaju huo kama `%2f`, na wewe unapoandika njia lazima ufanye vivyo hivyo, la sivyo govmomi itadhani `24` ni mtoto wa `10.0.4.0`.

## Kitambulisho cha ndani

Kila kitu ndani ya vCenter kina kitambulisho kifupi: `vm-1021`, `datastore-15`, `dvportgroup-40`, `domain-c8` kwa klasta, `resgroup-9` kwa fungu la rasilimali, `group-v3` kwa folda ya mashine. Hakina utata, hakijali jina wala folda, na ndicho ambacho programu huishia kukitumia baada ya utafutaji wote. Kwa nini basi tusikiandike moja kwa moja?

Kwa sababu ni cha vCenter hiyo tu, na kinadumu maadamu kitu hicho hakijaondolewa kwenye orodha. Ondoa seva kwenye vCenter kisha uirudishe, au futa usajili wa mashine na uisajili upya, nacho kinabadilika. Jina lile lile, diski zile zile, kitambulisho kipya. Hapo angalau utapata kosa. Kibaya zaidi ni vCenter mbili: `vm-1021` ya uzalishaji na `vm-1021` ya majaribio ni mashine mbili zisizojuana. Faili ikinakiliwa kutoka mazingira moja kwenda mengine, kitambulisho kinaweza kupatikana, kikawa halali, kikaelekea kwingine, na hakuna atakayekuonya. Naye anayepitia mabadiliko kabla hayajakubaliwa hawezi kukugundulia kosa, maana `datastore-15` haimwambii kitu.

Mahali pake ni pale ambapo programu imekitafuta sasa hivi na itakitumia sasa hivi, kama mfano wa klasta hapo juu. Pia ni dawa ya dharura: mitandao miwili ina jina moja, hakuna mwenye mamlaka ya kubadilisha jina leo, na picha ya mashine (image) inatakiwa jioni. Bandika kitambulisho, andika maelezo ya kwa nini, endelea. Ukirithi faili zenye vitambulisho vilivyobandikwa, govc itakugeuzia viwe njia:

```
govc ls -L VirtualMachine:vm-1021
```

Usikichanganye na UUID ya mashine, ile nambari ndefu ya utambulisho. UUID ya BIOS inaweza kurudiwa mashine ikinakiliwa kwa kuhamisha faili zake, na ndiyo maana vCenter ina UUID nyingine ya mashine yenyewe, ile ambayo Ansible huiwasha kwa `use_instance_uuid`.

## Lebo

Lebo zilikuja na vSphere 5.1 mwaka 2012, na ni namna pekee kati ya hizi nne inayokusudia kubadilika. Badala ya kusema kitu kinaitwaje au kiko wapi, unasema kina kazi gani: kiolezo cha Ubuntu kinachotumika sasa, hifadhi ya mashine za majaribio. Kiolezo kipya kikitengenezwa kila mwezi, jina lake hubeba tarehe, na faili zako hazibadiliki. Unahamisha lebo tu. Terraform ina `vsphere_dynamic` kwa kazi hiyo:

```
data "vsphere_dynamic" "kiolezo" {
  filter     = [data.vsphere_tag.sasa.id]
  name_regex = "ubuntu"
  type       = "VirtualMachine"
}
```

Inarudisha kitambulisho cha ndani, na unapeleka hicho kwenye `vsphere_virtual_machine` kupitia `moid` ili upate UUID inayotakiwa na kunakili. Ikiwa vitu viwili vina lebo hiyo, inakataa. Kwa hiyo anayehamisha lebo aitoe kwanza kwenye kiolezo cha zamani ndipo aiweke kwenye kipya, na akubali kwamba katikati ya hatua hizo mbili utafutaji hautapata kitu.

Mtego mkubwa, hata hivyo, uko kwingine. Terraform ikiona `template_uuid` imebadilika kwenye mashine iliyokwisha kuundwa, inapanga kuibomoa na kuijenga upya. Lebo ikihama usiku, asubuhi mpango unapendekeza kufuta mashine zote zilizotokana na kiolezo cha zamani. Kwa mashine zisizohifadhi data huenda ndilo unalolitaka. Kwa seva ya hifadhidata ni maafa. Weka hii kabla ya kutumia lebo, si baada:

```
lifecycle {
  ignore_changes = [clone[0].template_uuid]
}
```

Jambo jingine ni nidhamu. Lebo haina maana ila ile ambayo watu wamekubaliana. Pale ambapo kila msimamizi hubandika lebo anavyoona, namna hii ni mbaya kuliko jina tupu.

## Kwa pamoja

| Namna | Inavunjika lini | Inavunjikaje | Mahali pake |
|---|---|---|---|
| Jina tupu | Kitu cha pili chenye jina hilo kikiingia | Kosa kwenye Packer na Terraform. Kimya kwenye Ansible | Maabara yenye seva moja |
| Njia kamili | Folda ikipangwa upya, jina likibadilishwa | Kosa la mapema linalotaja njia | Klasta, hifadhi, mitandao, folda |
| Kitambulisho | Usajili upya, vCenter nyingine | Kosa, au kitu kisicho chenyewe | Ndani ya programu, au dharura |
| Lebo | Lebo ikiwekwa ovyo au mara mbili | Kosa, au mashine kujengwa upya | Violezo vinavyobadilika |

Kama una muda wa kurekebisha kitu kimoja tu wiki hii, anza na mitandao na hifadhi, maana ndiko majina ya kiwandani hurudiwa zaidi, na uandike njia kamili. Mafungu ya rasilimali yachukue kutoka kwenye klasta. Violezo viache kwenye njia kamili hadi utengenezaji wake uwe wa mara kwa mara kiasi cha kukuchosha kubadilisha faili. Hapo ndipo lebo inalipa gharama yake.

Kuna kisa ambacho hakuna kati ya hizi kinachokifaa: kiolezo kilichowekwa kwenye maktaba ya maudhui (content library) kama OVF, faili za mashine iliyofungashwa. Hicho hakimo kwenye mti, hivyo si jina, si njia, wala `govc find` itakayokiona. Kwenye Terraform kinatafutwa kwa `vsphere_content_library` na `vsphere_content_library_item`.

Anayeendesha mazingira mawili, uzalishaji na majaribio, aiweke njia kwenye faili ya vigezo ya kila mazingira pamoja na anwani ya vCenter yake, zikae jirani. Hapo mtu akibadilisha anwani na kusahau njia, `/DC-Kuu` haitapatikana kwenye vCenter ya majaribio, na kazi itasimama kwenye hatua ya kwanza. Hilo linawezekana tu ikiwa vituo vya data vya vCenter hizo mbili havina jina moja, kwa hiyo usiviite vyote `Datacenter`.